Mwongozo kamili: kutengeneza pevingi kwa majivu ya tope la majitaka

Wengi wanaojaribu kuchanganya majivu ya tope la majitaka (tope linalobaki majitaka yakisafishwa, likachomwa kwenye tanuri) kwenye zege hukwama palepale. Zege linalala usiku kucha bila kushika, kingo za pevingi zinamomonyoka kalibu inapofunguliwa, au pevingi inatoka nzuri machoni lakini inanyonya maji kupita kiasi. Mara nyingi chanzo ni kimoja: majivu yamechukuliwa kama saruji ya bure, yakapimwa kwa ndoo, kisha maji yakaongezwa mpaka mchanganyiko ulainike.

Majivu haya si saruji. Yana fosfeti inayochelewesha saruji kushika, chembe zake zina vitundu vinavyonyonya maji, na ndani yake mna metali nzito ambazo lazima ujue zitaishia wapi. Mambo hayo matatu yakishughulikiwa kwa mpangilio, unaweza kuondoa asilimia 10 ya saruji, ukaweka majivu mahali pake, na pevingi zikafaulu vipimo.

Mwongozo huu ni wa pevingi (wengine huziita kabro), mawe ya kingo za njia na vipande vingine visivyo na nondo. Usiutumie kwa nguzo, mihimili, slabu wala tangi la maji ya kunywa.

## Swali moja kabla ya kubeba majivu

Uliza kama fosforasi iliyomo inahitajika kwingine. Majivu ya tope lililochomwa peke yake mara nyingi yana fosfeti ya asilimia 10 hadi 20 kwa uzito, ikipimwa kama P2O5, na ikishaingia kwenye zege haitoki tena. Ujerumani, kwa kanuni yake ya mwaka 2017, inavitaka viwanda vikubwa vya kusafisha majitaka kuanza kuirejesha fosforasi kuanzia 2029. Pale ambapo kuna mtambo wa kuitoa, ni busara itoke kwanza, na ujenzi upewe mabaki. Mabaki hayo nayo yapimwe upya tangu hatua ya 1, kwa kuwa kemia yake inakuwa imebadilika.

## Vifaa na malighafi

Kwa majaribio madogo:

- majivu makavu, kilo 5 (mengi yatatumika kwenye vipimo)
- saruji ya kawaida isiyo na pozolana (unga unaomenyuka polepole na chokaa ya saruji na kuongeza nguvu), kilo 6, yote ya mfuko mmoja
- mchanga safi uliokauka, kilo 17
- unga wa mawe ya kwatzi au chokaa uliosagwa laini kama saruji, nusu kilo
- kipunguza maji (kemikali inayolainisha zege bila kuongeza maji) cha aina ya polikaboksileti, mililita 200
- kalibu za milimita 40 × 40 × 160
- mizani inayosoma gramu 1, na nyingine inayosoma gramu 0.1
- chekeche za milimita 1 na mikroni 45
- oveni ya nyuzi 105 za Selsiasi, na tanuri dogo la nyuzi 950
- meza ya kupimia mtawanyiko wa mota (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji), na sindano ya Vicat ya kupimia muda wa kushika kama ipo
- kinu cha mipira ya chuma

Kwa pevingi zenyewe utahitaji pia kokoto ndogo za milimita 6, meza ya mtetemo, kalibu za pevingi, kichanganyio cha zege na turubai la nailoni.

Kinga: barakoa ya kiwango cha P3, miwani inayofunga pembeni, glavu za mpira. Vumbi la majivu lina metali, na mara nyingi lina kwatzi laini inayodhuru mapafu. Kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi. Vijidudu si tatizo, kwa sababu tope huchomwa kwenye nyuzi 850 hivi na hakuna kinachobaki hai. Majivu yakinuka, hayakuungua sawasawa, yarudishe.

## Hatua ya 1: Chukua majivu kutoka mkondo sahihi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kujua. Tanuri la tope hutoa mabaki ya aina mbili. La kwanza ni majivu yenyewe, yanayokamatwa na vichujio mara tu moshi unapopoa. La pili ni mabaki ya kusafishia moshi, ambayo yana chokaa au bikaboneti iliyopulizwa kuvuta asidi, pamoja na kaboni ya kunasa zebaki. Haya ya pili yamejaa salfeti, kloraidi na zebaki. Usiyaguse.

Mwulize msimamizi wa mtambo mambo matatu: majivu yanatoka kwenye kichujio kipi, tope linachomwa peke yake au pamoja na takataka za majumbani, na majitaka yanasafishwa kwa chumvi ya chuma au ya alumini. Chumvi ya chuma hutoa majivu mekundu au ya kahawia. Ya alumini huyafanya yaelekee kijivu. Rangi hiyo itajitokeza kwenye pevingi, na siku mtambo utakapobadilisha kemikali, majaribio yako yote yaanze upya.

Sampuli isichotwe juu ya mfuko tu. Chota mahali kumi tofauti, juu, katikati na chini, uchanganye kwenye turubai. Tandaza duara, gawa robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia mpaka ubaki na kilo 5.

Umefaulu ikiwa: sampuli ina rangi moja kote, na una maandishi yanayotaja mkondo, tarehe na kemikali iliyotumika.

## Hatua ya 2: Kausha, chekecha, saga

Mitambo mingine hulowesha majivu ili yasipeperuke. Kausha kwenye nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena kati ya vipimo viwili vilivyopishana saa moja. Ukiruka hatua hii, unapima maji ukidhani unapima majivu.

Pitisha kwenye chekeche ya milimita 1. Kinachobaki juu huwa ni mchanga wa tanuri na mabonge, weka kando.

Kisha saga. Chembe za majivu haya hazina umbo la mviringo kama zile za majivu ya makaa ya mawe; zina pembe na vitundu, na ndiyo maana zege linakuwa gumu kuchanganya. Kusaga huvunja vitundu hivyo, hupunguza kiu ya maji na kuongeza eneo linalokutana na chokaa ya saruji. Anza na dakika 30, pima, ongeza dakika 15 kila mara. Lenga mabaki yasiyozidi asilimia 20 juu ya chekeche ya mikroni 45, ukichekecha kwa maji. Ukisaga kupita hapo, laini inazidi na kiu ya maji hurudi kwa njia nyingine.

## Hatua ya 3: Vipimo vitatu vya kukataa au kukubali

Kilichobaki bila kuungua. Pima gramu 1 hivi ya majivu makavu kwa mizani ya maabara, choma kwenye nyuzi 950 kwa saa moja, poza pasipo unyevu, pima tena. Uzito uliopotea usizidi asilimia 5. Ukizidi, kuna kaboni, na kaboni hunyonya kipunguza maji kabla hakijaifikia saruji. Vidoadoa vyeusi ni dalili ya mapema.

Mapovu. Kipimo hiki ni cha lazima kama tope lilichomwa na takataka nyingine, maana vipande vya alumini hutoa gesi ya hidrojeni ndani ya zege na kulivimbisha. Yeyusha gramu 40 za sodiamu haidroksaidi kwenye maji ukamilishe lita 1. Tia kemikali kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kemikali. Weka gramu 50 za majivu kwenye glasi, mimina mililita 100 za maji hayo, uache wazi mahali penye hewa na pasipo moto. Mapovu ya dakika chache za kwanza ni hewa inayotoka kwenye vitundu, wala yasikutie hofu. Yakiendelea kupanda baada ya saa moja, au povu likajengeka juu usiku kucha, majivu hayo hayafai kwa zege.

Maabara. Peleka sampuli ipimwe salfeti, kloraidi, fosfeti, zinki na metali nyingine. Viwango vya Ulaya vya majivu ya makaa ya mawe kwenye zege, EN 450-1, huweka ukomo wa salfeti (SO3) asilimia 3, kloraidi asilimia 0.10 na jumla ya fosfeti asilimia 5. Majivu ya tope hayamo kwenye kiwango hicho, na kwa fosfeti karibu yote yangeanguka. Tumia namba za salfeti na kloraidi kama mpaka wako. Fosfeti utaidhibiti kwa kupunguza dozi na kwa kipimo kinachofuata.

## Hatua ya 4: Angalia muda wa kushika

Fosfeti nyingi iliyomo haiyeyuki kirahisi, lakini ile kidogo inayoyeyuka hukutana na kalsiamu na kufunika chembe za saruji kwa utando. Zinki nayo hufanya kitu kinachofanana. Saruji haijafa, imechelewa tu, na tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayepanga kufungua kalibu asubuhi.

Kanda uji wa saruji tupu, na mwingine wenye saruji asilimia 90 na majivu asilimia 10, yote miwili kwa uzito mmoja wa unga na kwa ulaini unaolingana. Pima kwa sindano ya Vicat. Kama huna sindano, jaza vikombe viwili, funika kwa nailoni, na kila nusu saa bonyeza kwa ncha ya msumari ileile bila kulazimisha. Andika saa ambayo msumari uliacha kuzama hadi chini, na saa uliyoshindwa kutoboa kabisa.

Umefaulu ikiwa: uji wenye majivu unaanza kushika kabla ya mara mbili ya muda wa saruji tupu. Ukipita hapo, shuka hadi asilimia 5, au jaribu kiharakishi cha kalsiamu naitreti kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa saruji. Kalsiamu kloraidi iache, maana pevingi za leo zinaweza kesho kusagwa na kuingia kwenye zege lenye nondo.

## Hatua ya 5: Mota ya majaribio

Tengeneza michanganyiko minne, kila mmoja kwa mchanga gramu 1350 na maji gramu 225:

- A: saruji gramu 450
- B: saruji 405, majivu 45 (asilimia 10)
- C: saruji 360, majivu 90 (asilimia 20)
- D: saruji 360, unga wa mawe 90

Huo wa D watu huuruka, na bila huo hujui ulichopata. Unga wa mawe haushiriki kwa maana yoyote kubwa kwenye mmenyuko, unajaza nafasi tu. C ikimpita D siku ya 28 na ya 90, majivu yako yana nguvu ya pozolana. Zikilingana, majivu ni kijazo, na hapo heri uyaweke badala ya sehemu ya mchanga mlaini kuliko kukata saruji.

Maji yasiongezwe hata gramu. B na C zitakuwa nzito, nawe mkono utakuwasha kumimina. Badala yake tia kipunguza maji kwa gramu 0.5 kila mara mpaka mtawanyiko kwenye meza ulingane na wa A, ukipishana kwa milimita 10 tu. Gramu chache za maji ya ziada zinatosha kuificha kabisa kazi ya majivu.

Kila mchanganyiko utoe seti tatu za mota: siku 7, 28 na 90. Loweka kwenye maji ya nyuzi 20 hadi siku ya kuvunja. Gawanya nguvu ya B kwa nguvu ya A, zidisha kwa 100.

Umefaulu ikiwa: siku ya 28 B ina angalau asilimia 90 ya nguvu ya A, na C angalau asilimia 75. Siku ya 7 isikuvunje moyo, kwani kuwa nyuma wakati huo ni kawaida. Kama B iko chini ya 85 siku ya 28, rudi kwenye kusaga kabla hujalaumu majivu.

## Hatua ya 6: Mchanganyiko wa pevingi

Hizi ni kilo za kundi dogo, kwa asilimia 10 ya majivu:

- saruji 18
- majivu yaliyosagwa 2
- mchanga mkavu 40
- kokoto za milimita 6, 40
- maji 8, yakihesabiwa yote
- kipunguza maji gramu 100, hadi 200 ikibidi, ndani ya mipaka ya mtengenezaji

Kundi hili hutoa lita 45 hivi za zege, yaani pevingi 35 za milimita 200 × 100 × 60, kila moja ikiwa na kilo 2.8 hivi.

"Yakihesabiwa yote" ina maana ya kutoa maji yaliyomo kwenye mchanga. Mchanga wenye unyevu wa asilimia 4 utaupima kilo 41.6 ili upate kilo 40 kavu, nao utakuja na kilo 1.6 za maji. Utakayomimina mwenyewe ni kilo 6.4. Mvua ikinyesha usiku, pima unyevu upya asubuhi.

Changanya saruji na majivu vikiwa vikavu kwa dakika 2, mpaka usione michirizi ya rangi. Kwenye kichanganyio tia mchanga, kokoto na nusu ya maji, zungusha dakika 1, ongeza unga, kisha maji yaliyobaki yakiwa na kipunguza maji. Zungusha dakika 3. Simamisha dakika 2. Zungusha tena dakika 1.

Kule kusimama kuna sababu yake. Majivu huendelea kunyonya maji baada ya kukandwa, na zege linaloonekana sawa dakika ya tatu linaweza kukaza dakika ya kumi. Likikaza, ongeza kipunguza maji kidogo. Mtu asikaribie na ndoo.

Jaza kalibu kwa tabaka mbili juu ya meza ya mtetemo, ukisubiri kila tabaka liache kutoa mapovu makubwa. Mtetemo ukizidi, maji hupanda juu na uso utakuja kubabuka.

## Hatua ya 7: Kufungua na kumwagilia

Funika kwa nailoni mara moja. Pevingi za saruji tupu hufunguliwa baada ya saa 24. Hizi zipe saa 36 hadi 48. Kabla ya kufungua, kwaruza ukingo wa moja kwa ukucha. Ukiacha alama au chembe zikitoka, funika, urudi baadaye.

Baada ya kufungua, zipange kivulini, zifunike zikiwa mbichi kwa siku 14, si 7. Mmenyuko wa pozolana ni wa polepole na hauendi bila maji. Pevingi iliyokauka siku ya nne haitafidiwa kwa kumwagiliwa siku ya kumi.

Umefaulu ikiwa: siku ya 28 ukizigonga mbili zinalia kwa mlio mkali, na vipimo vinatimia. EN 1338, kiwango cha Ulaya cha pevingi, hutaka nguvu ya kupasuka isiyopungua megapaskali 3.6, pasiwe na moja chini ya 2.9, na unyonyaji wa maji usiozidi asilimia 6 pale unyonyaji unapotakiwa kupimwa. Kupima unyonyaji ni rahisi: loweka mpaka uzito utulie (si chini ya siku 3), futa, pima, kausha kwenye nyuzi 105 mpaka utulie, pima tena. Ikitoka kilo 2.83 majini na 2.70 ikiwa kavu, tofauti ni 0.13, sawa na asilimia 4.8.

## Hatua ya 8: Metali zinazovuja

Usiuze wala kutandaza kabla ya hatua hii. Fanya vipimo viwili. Cha kwanza: saga pevingi hadi chembe zisizozidi milimita 4, tikisa kwenye maji kwa saa 24, lita 10 kwa kila kilo kavu, kisha maji yapimwe (EN 12457-2). Kinaonyesha kitakachotokea pevingi ikibomolewa. Cha pili: pevingi nzima inazamishwa kwenye maji yanayobadilishwa kwa vipindi hadi siku 64, kuonyesha maisha yake ikiwa imetandazwa.

Usiangalie risasi na zinki peke yake. Molibdeni, antimoni, seleniamu na kromi huyeyuka vizuri kwenye ualkali, na ndizo zinazowaponyoka watu. Tumia mipaka ya nchi yako. Pasipokuwa na mipaka, linganisha na ile ya Ulaya ya takataka ajizi (inert, zisizooza wala kumenyuka) zinazozikwa dampo, kwa miligramu kwa kilo: molibdeni 0.5, antimoni 0.06, seleniamu 0.1, kromi 0.5, arseniki 0.5, risasi 0.5, zinki 4. Hiyo si ruhusa ya kuuza, ni kipimo cha kujua umesimama wapi.

Pima pia pevingi ya saruji tupu. Kromi nyingine hutoka kwenye saruji yenyewe.

## Dalili za kushindwa

Zege halijashika saa 48. Dozi ya majivu imezidi, kipunguza maji kimezidi, au kuna baridi. Pima tena uji wa vikombe ukiwa na kipunguza maji ndani yake, maana vyote viwili huchelewesha na athari zake hujumlika.

Pevingi zimevimba au uso umeinuka usiku uleule. Alumini. Kipimo cha mapovu hakikufanywa, au kilifanywa kwa majivu ya shehena nyingine.

Nyufa ndogo zinazoanza baada ya wiki kadhaa mahali penye unyevu. Shuku salfeti. Mara nyingi mabaki ya kusafishia moshi yalichanganyika na majivu.

Unga mweupe juu. Ukioshwa na maji ya mvua ukatoweka, ni chumvi zinazoyeyuka, na majivu yalikuja nazo. Usipoyeyuka kwenye maji lakini ukatoa povu kwa siki, ni chokaa ya saruji. Ni kasoro ya sura tu, ingawa inakuambia kuwa zege lina njia nyingi za maji.

Rangi inatofautiana kati ya paleti (chaga ya kupangia pevingi) na paleti. Shehena za majivu hazikuchanganywa. Unganisha shehena za wiki nzima kabla ya kusaga, na andika namba ya shehena kwenye kila paleti, ili metali zikizidi kwenye kipimo kimoja ujue ni pevingi zipi za kuzuia.